KUJITENGA NA WATU: JE, AISHIYE MWITUNI KWA NURU YA JUA AMEJITOSHA?

Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, aliyelijaalia jua kuwa taa na ardhi kuwa tandiko, akaotesha katika ardhi nafaka na matunda yawe riziki ya waja wake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekaa peke yake katika pango la Hiraa akimuabudu Mola wake, kisha akateremka kwa watu akawafundisha. Na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Katika zama hizi imeenea khabari ya watu, khasa katika nchi za Marekani na Ulaya, waiachao miji na kwenda kukaa msituni. Hujenga nyumba ndogo ya mbao, huweka paneli za sola juu ya paa, huchimba kisima, hulima bustani ya mboga na viazi, hufuga kuku wachache, wala hawataki waya wa umeme wala bomba la mji liwafikie. Waulizwapo juu ya maisha yao, wengi katika hao hujibu kwamba wamejitosha, hawana haja na mtu. Na khabari hizi huwafikia vijana wa Kiislamu wa pwani, nao huona ndani yake harufu ya zuhudi, wakatamani kufanya mfano wake.

Mas-ala basi ni haya: je, kuishi hivyo ni jambo la kusifiwa, au ni la kulaumiwa? Na je, mtu akisha kujitenga, huwa kweli amejitosha?

Mas-ala haya hayajibiwi kwa neno moja, kwani ndani yake yamechanganyika mambo matatu: la kwanza ni kutumia jua na ardhi; la pili ni kujitenga na watu; la tatu ni kudai kutokuwa na haja na mtu. Kila moja lina hukumu yake. Mwenye kuyachanganya atakataza lililo halali, au atahalalisha lililo la khatari.

NURU YA JUA NA KAZI YA MIKONO

Ama jambo la kwanza halina shaka. Jua ni katika neema kubwa alizozitiisha Mwenyiezi Mungu kwa manufaa ya binadamu, na kuitumia neema katika lililo jema ni sehemu ya kuishukuru. Mfaransa Edmond Becquerel alitambua mwaka 1839 kwamba mwangaza waweza kuzaa nguvu ya umeme. Na mwaka 1954 wataalamu wa maabara ya Bell, huko New Jersey katika Marekani, walitengeneza kwa silikoni chombo kilichogeuza kiasi cha sehemu 6 katika 100 za mwangaza kuwa umeme. Paneli za leo hugeuza kiasi cha sehemu 20 katika 100. Jua la adhuhuri lisilo na mawingu huleta juu ya kila mita moja ya mraba nguvu ya kiasi cha wati 1,000. Basi paneli ya ukubwa huo hutoa kiasi cha wati 200 wakati wa jua kali. Na taa tano za wati 5, zikiwaka kwa saa tano za usiku, hutumia wati-saa 125 tu. Kwa hiyo nyumba ya watu wa kiasi yatoshwa na paneli moja na betri moja, watu wake wakasoma, wakala, wakafanya ibada, pasi na giza.

Na katika maisha hayo imo adabu kubwa. Aishiye kwa sola hujua kila jioni ni kiasi gani kilichowekwa akibani, wala hawezi kutumia usiku zaidi ya alichokichuma mchana. Hujifunza kuizima taa asiyoihitaji. Aliye mjini huenda akawasha taa mchana kutwa asijue, kwani waya hauna kikomo machoni pake mpaka ijapo hesabu ya mwezi. Na Mtume s.a.w. amekataza israfu hata katika maji ya udhu, ijapokuwa mtu yuko ukingoni mwa mto upitao. Basi chombo kimzuiacho mtu na israfu ni msaidizi wa dini yake.

Na bustani ni kadhalika. Imepokewa kwa Mtume s.a.w. kwamba Muislamu hapandi mmea, akala kwao ndege au mtu au mnyama, illa huwa ni sadaka kwake. Na Nabii Daud a.s., pamoja na ufalme wake, alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Kwa hiyo mwenye kuinama akatia mkono wake udongoni si mtu wa kuchekwa, na mwenye kumdharau ameidharau kazi iliyosifiwa na Mitume.

Wala isisahauliwe kwamba katika Afrika iliyo kusini ya Sahara wako watu karibu milioni 600 wasio na umeme nyumbani, si kwa kuukataa bali kwa kutofikiwa nao. Kwa hao paneli ya sola si njia ya kuwakimbia watu. Ni njia ya kukaa nao. Mtoto wa chuoni hudurusu Kurani baada ya Isha bila ya moshi wa kibatari machoni; mkunga humuona mzazi anayemhudumia; majirani hukutana barazani kwa mwenye betri wakachaji simu zao na kupashana khabari. Chombo ni kimoja. Huyu amekitundika juu ya paa ili mlango wake ukae wazi usiku, na yule amekitundika ili mlango wake asiufungue tena. Tafauti yao haiko katika chombo, iko katika nia.

KHABARI YA MTU WA WALDEN

Watu wa Marekani wapendao maisha ya msituni wana mtu wanayemrejea, naye ni Henry David Thoreau, aliyezaliwa mwaka 1817 katika mji mdogo wa Concord, jimbo la Massachusetts. Tarehe 4 Julai 1845 aliingia kukaa katika nyumba aliyoijenga karibu na ziwa dogo liitwalo Walden, nyumba ya chumba kimoja, futi 10 kwa 15, iliyomgharimu dola 28 na senti 12 na nusu kwa hesabu yake mwenyewe. Alilima kiasi cha ekari mbili na nusu, na sehemu kubwa yake ilikuwa maharagwe. Akakaa miaka miwili, miezi miwili na siku mbili, akatoka tarehe 6 Septemba 1847. Mwaka 1854 alitoa kitabu juu ya maisha hayo, na mpaka leo wako wanaoacha kazi zao kwa kukisoma.

Mtu huyu alisema mengi yaliyo kweli juu ya ulimwengu. Aliona watu wa mji wake wakifanya kazi umri wao wote ili kulipa deni la nyumba na mashamba, akauliza ni nani mwenye nyumba na ni nani mwenye kumilikiwa na nyumba. Hayo ni maneno ambayo mwanachuoni yeyote atayakubali. Lakini mwenye kuitazama khabari yake kwa insafu ataona mambo ambayo wafuasi wake huyapita mbio.

Ardhi aliyojenga juu yake ilikuwa ya rafiki yake, Ralph Waldo Emerson. Shoka aliloanzia kazi aliliazima. Siku ya kusimamisha nguzo na boriti za nyumba waliomsaidia ni rafiki zake. Mji haukuwa mbali, kiasi cha maili moja na nusu tu, naye alikuwa akienda mara kwa mara kusikia khabari na kuwaona jamaa zake. Treni ilipita kando ya ziwa lake. Na alipofungwa jela usiku mmoja, mwezi wa Julai 1846, kwa sababu ya kukataa kutoa kodi, alitoka asubuhi yake kwa kuwa mtu mwingine alimlipia. Yeye mwenyewe hakuyaficha mengi ya hayo; ameyaandika kitabuni mwake. Na haya si aibu yake. Aibu ni ya yule amfanyaye dalili ya kwamba binadamu aweza kukaa bila ya binadamu.

Na liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Msitu ule haukuwa mtupu. Kabla ya Thoreau walikaa humo watu weusi waliokuwa watumwa wa mji wa Concord, kisha wakapata uhuru wao: Brister Freeman, na Zilpah White aliyekuwa akisokota uzi katika kibanda chake, na wengineo. Hawakukaa pale kwa kutafuta utulivu wa nafsi. Walikaa pale kwa kuwa ardhi ile ilikuwa mbovu, na mahali pazuri mjini hapakuwa na nafasi yao. Thoreau alipofika, alikuta mashimo ya nyumba zao na miti ya matunda waliyoipanda, akaandika majina yao. Basi msitu mmoja ulikuwa kwa huyu mapumziko ya khiari, na kwa wale kufukuzwa. Mwenye kuusifu upweke na akumbuke kwamba wako waliopewa upweke bila ya kuuomba.

Na pwani ya Afrika ya Mashariki inayajua hayo. Katika karne ya 19 watumwa waliotoroka mashamba ya Malindi na Mombasa waliingia mwituni wakajenga vijiji vya watoro, mfano wa Fuladoyo. Lakini hao hawakuwakimbia watu, waliikimbia dhuluma. Na walipofika mwituni jambo la kwanza walilolifanya ni kukusanyika, wakawa mji. Hilo latosha kuonyesha tafauti ya mwenye kukimbia dhuluma na mwenye kukimbia haki za wenziwe.

KUJITOSHA NI SIFA YA NANI?

Sasa litazamwe lile dai, kwamba aishiye kwa sola na bustani hana haja na mtu. Dai hili lina ubaya wa namna mbili: kwanza si kweli, na pili, lau lingekuwa kweli, lisingekuwa sifa ya kiumbe.

Ama kuwa si kweli, na itazamwe ile paneli iliyo juu ya paa. Silikoni yake hutolewa katika mawe, ikasafishwa na kuyeyushwa katika tanuri lenye moto unaozidi nyuzi 1,400. Sehemu kubwa ya paneli za ulimwengu hutengenezwa Uchina, kwa mikono ya wafanyakazi ambao mkaa msituni hatawaona kamwe. Nyaya zake ni za shaba, iliyochimbwa na watu. Betri nyingine za lithiamu hutiwa kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya ulimwengu hutoka Kongo, pande za Kolwezi, ambako watu husema Kiswahili, na wako wanaoichimba kwa sululu na kuibeba kwa magunia mabegani. Na betri za namna ya zamani zina madini ya risasi. Zikichakaa baada ya miaka michache hutupwa au huyeyushwa, na risasi ile haifi. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi tangu mwaka 2007 hata 2014, watu wakaingiwa na sumu, watoto wakiwemo; na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi 1,300,000,000 za Kenya.

Basi yule asemaye kwamba hana haja na mtu, taa imuwakiayo usiku imebebwa na mabega ya watu elfu. Amekata waya uonekanao, na nyaya zisizoonekana zingalipo. Wala halaumiwi kwa kuwahitaji watu hao, kwani hivyo ndivyo Mwenyiezi Mungu alivyoupanga ulimwengu, akawafanya baadhi ya waja wake wawatumikie wengine. Hulaumiwa kwa kuwasahau. Kwa kuwa mwenye kumsahau mtu humsahau na haki yake, na mwenye kudhani kwamba hana deni hatafuti njia ya kulipa.

Na iko khabari iwe mazingatio. Mwaka 1986 kijana mmoja aliingia katika misitu ya Maine, huko Marekani, akakaa peke yake miaka 27 bila ya kusuhubiana na mtu. Alipokamatwa mwaka 2013 ilibainika kwamba alikuwa akiishi kwa kuvunja nyumba za mapumziko zilizo karibu na ziwa, akaiba chakula, gesi, betri na nguo; nayo ilikadiriwa kwamba alivunja mara 1,000 hivi. Watu waliostaajabia upweke wake walikuwa wengi kuliko waliowahurumia wenye nyumba, ambao kwa miaka mingi walilala na khofu. Huyu aliikata suhuba ya watu asiikate haja yake kwao, na haja isiyokuwa na suhuba ikawa wizi.

Ama kuwa si sifa ya kiumbe, ni kwa sababu Aliyejitosha ni mmoja tu, naye ni Mwenyiezi Mungu, Al-Ghaniyy. Waja wote ni mafakiri kwake. Na katika Sura ya Al-Alaq imebainishwa kwamba mtu huvuka mpaka pale ajionapo kuwa amejitosha. Haikusemwa pale awapo tajiri, bali pale ajionapo. Kwa hiyo maradhi haya hayamhitaji mtu awe na dhahabu. Yaweza kumpata mwenye jumba la ghorofa, na yaweza kumpata mwenye kibanda cha mbao na paneli moja na majani matatu ya mchicha. Na huyu wa pili ana khatari zaidi, kwani kiburi chake kimevaa kanzu ya zuhudi, na si rahisi yeye mwenyewe kukitambua.

WANAZUONI WALIVYOSEMA JUU YA UZLA

Kujitenga na watu wanazuoni hukuita uzla, na khitilafu yao juu ya ubora wake ni ya zamani. Imamu Ghazali, naye ni katika wakubwa wa madhehebu ya Imamu Shafii, ameiwekea mlango mzima katika kitabu chake cha Ihyaa. Humo amehesabu faida sita za kujitenga: kupata faragha ya ibada, kusalimika na maasia yazaliwayo na mazungumzo, kama kusengenya na ria, kuepukana na fitna na ugomvi, kusalimika na shari za watu, kukata tamaa ya watu kwako na tamaa yako kwa watu, na kupumzika na wapumbavu. Kisha akahesabu faida saba za kuchanganyika: kufundisha na kujifunza, kunufaisha na kunufaika, kutia adabu na kutiwa adabu, kuliwazana, kupata thawabu na kuwapatisha wengine, kunyenyekea, na kupata maarifa kwa kuyajaribu mambo. Wala hakukata hukumu moja kwa watu wote. Hukumu, kwake, hufuata hali ya mtu, na hali ya wale anaowaacha, na lile atakalolikosa kwa kuondoka.

Na Imamu huyo hakunena kwa nadharia tu. Mwaka 488 wa Hijra, sawa na 1095, aliacha kiti chake katika madrasa ya Nidhamiyya ya Baghdad, akenda Sham, akawa akijifungia mchana katika mnara wa msikiti wa Dameski. Lakini kabla ya kutoka alihakikisha kwamba watoto wake wana cha kuwatosha. Na baada ya miaka kiasi cha kumi alirejea kufundisha Nisabur, mwaka 499, sawa na 1106. Mwenye kuufuata mwanzo wake na aufuate na mwisho wake. Na asisahau lile la kabla ya mwanzo, yaani riziki ya watoto.

Ama Hadithi, zipo ambazo kwa dhahiri yake huonekana kukhitilafiana. Imepokewa kwamba utafika wakati mali bora ya Muislamu itakuwa kondoo wachache awafuatao vileleni mwa majabali, akiikimbiza dini yake na fitna. Na imepokewa pia kwamba Muumini achanganyikaye na watu akasubiri juu ya maudhi yao ni bora kuliko yule asiyechanganyika nao wala kusubiri. Wanazuoni wamezikutanisha: ya kwanza ni ya wakati wa fitna, pale mtu asipoweza kuilinda dini yake wala kuwafaa wenziwe, na ya pili ndiyo asili. Basi mwenye kudai kwamba yumo katika ile ya kwanza ndiye mwenye kutakiwa dalili.

HAKI ZISIZOBAKI MJINI

Mtu ahamiapo msituni huacha nyuma kelele na moshi, na haki humfuata. Haki hizo ni hizi.

Kwanza, haki ya wazazi. Mwenye mama mzee amhitajiaye, uzla kwake si fadhila, ni maasia. Uwais Al-Qarni wa Yemen alikuwa mtu wa kujificha, hakutaka kujulikana na watu. Juu ya hivyo, wema wake kwa mama yake ndio uliotajwa katika sifa zake. Amejificha na sifa za watu, hakujificha na kazi ya mama yake.

Pili, haki ya mke na watoto. Imepokewa kwamba yamtosha mtu kuwa na dhambi kwa kuwapoteza wale ambao riziki yao iko juu yake. Na riziki si chakula peke yake. Mtoto ana haki ya kufundishwa Kurani na fardhi zake, na kupata marika wa kucheza nao, na siku akiugua apate tabibu kwa wakati. Baba akiweza kuyatimiza hayo huko aliko, hana neno. Asipoweza, hana rukhsa ya kununua utulivu wake kwa umri wa mwanawe.

Tatu, haki ya jamaa ya msikiti. Katika madhehebu ya Shafii, Ijumaa husihi kwa wakazi wanaume 40, na aliye nje ya mji mahali isipofika sauti ya adhana hailazimu kwake. Kwa hiyo mkaa msituni wa mbali ana udhuru. Lakini udhuru ni wa kumwondolea mtu dhambi, haukuwekwa uwe ni kitu cha kutafutwa. Na mji wenye watu 40 tu, akiondoka mmoja kwa khiari yake, amewavunjia Ijumaa 39.

Nne, haki ya maskini katika mazao. Mboga za bustani hazina zaka katika madhehebu haya. Lakini nafaka na kunde ziliwazo kuwa chakula cha kutegemewa na kuwekwa akiba, kama mahindi, mpunga na maharagwe, zina zaka zikifika wasaki tano, nazo ni karibu ya kilo 650. Zilizonyweshwa na mvua hutolewa moja katika kumi, na zilizonyweshwa kwa mashaka na gharama hutolewa nusu yake. Na kwa kukisia, pampu ya sola huingia katika hizi za pili: jua halina malipo, lakini pampu na paneli vina malipo, mfano wa gurudumu la maji la zamani, ambalo mto wake pia ulikuwa wa bure. Atakayekaa mbali na maskini zaka haimwondokei; itampasa kufunga safari kuitafutia wenyewe.

Tano, haki ya wenye ardhi. Mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa, isiyokuwa ya mtu, huimiliki. Hiyo ni sharia. Lakini ardhi isiyokaliwa si lazima kuwa haina mwenyewe. Msitu wa leo aghlabu ni hifadhi ya serikali, au milki ya mtu, au ni wa kaumu, mfano wa misitu ya Kaya ya Wamijikenda iliyotiwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu mwaka 2008. Mwenye kujenga ndani yake bila ya idhini, kila sala aisaliyo humo ni juu ya ardhi ya kunyang'anya, hata akilia machozi katika sijida.

JIBU LA MWENYE KUKIMBIA FITNA

Huenda mtu akasema: Katika mji nasema uwongo ili niuze, nakopa ili nifanane na jirani, nasengenya kila nikaapo barazani, na sala yanipita kwa sababu ya kazi. Nikenda msituni nitasali kwa wakati, sitamdanganya mtu, nitakula cha jasho langu. Je, nibaki katika maasia kwa kuwa kubaki ndiyo asili?

Hoja hii ina nguvu, na mwenye kuisema kwa kweli hastahili kukemewa. Mahali pamharibiapo mtu dini yake, kuhama huwa suna, na pengine huwa wajibu. Lakini na itazamwe khabari ya yule mtu aliyeua nafsi 99, kisha akatimiza 100, akataka kutubia. Mwanachuoni alimwambia atoke katika mji wake kwa kuwa ulikuwa mji muovu. Wala hakumtuma jangwani. Alimtuma katika nchi nyingine yenye watu wanaomuabudu Mwenyiezi Mungu, ili aabudu pamoja nao. Dawa ya watu waovu ilikuwa ni watu wema; haikuwa kukosa watu. Kwani maasia mengine mtu huyaacha mjini, na mengine huyabeba ndani ya nafsi yake, na yale ya nafsi hukua zaidi pasipokuwa na wa kumwambia: Ndugu, hapa umekosea.

Na bora kuliko hoja zote ni khabari ya Nabii Yunus a.s. Aliwaacha watu wake kwa ghadhabu kabla ya kupewa idhini, likampata la kumpata tumboni mwa samaki. Na alipotolewa ufukoni, hali yu mgonjwa, Mwenyiezi Mungu alimuoteshea mmea wa jamii ya mung'unye umfunike. Huo ulikuwa upweke uliokamilika: jua, kivuli, mmea, na mja na Mola wake. Lakini hakuachwa pale. Baada ya kupata nguvu alitumwa kwa watu laki moja au zaidi, wakaamini. Mmea ule ulikuwa neema kweli, nao uliotea kumponya ili arejee. Na kadhalika Nabii Musa alipanda jabali siku 40 akateremka, na Mtume s.a.w. alikaa Hiraa akateremka. Hakuna katika hao aliyelifanya jabali kuwa nyumba yake ya daima.

KHITIMU

Jibu la mas-ala basi ni hili. Kutumia jua na kulima bustani ni halali na ni neema, na kwa mwenye nia njema ni ibada. Kuishi mbali na mji ni halali kwa mwenye kutimiza masharti manne: awe ametimiza haki za wazazi wake na wa nyumbani kwake, au amekwenda nao kwa ridhaa yao, ardhi iwe yake kwa njia ya sharia, asikate njia ya mgeni, jirani na maskini kumfikia, na moyoni mwake ajue kwamba angali mwenye kuhitaji. Likikosekana moja katika hayo, uzla wake umegeuka ukimbizi wa wajibu. Ama kudai kwamba hana haja na mtu, hilo halina sharti la kulihalalisha.

Na aliyeshindwa kwenda msituni asidhani kwamba ameikosa kheri hiyo. Ana usiku wake, wakati watu wamelala. Ana itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani. Ana kiwanja nyuma ya nyumba, aweza kukipanda mpapai, akala yeye na ndege na mtoto wa jirani. Na aliyeko msituni, siku ipitapo mvua ndefu, betri ikakauka na taa ikazimika, na akumbuke ni nani aliyekuwa akimpa nuru, na ni kwa mikono ya nani ilimfikia. Kisha atoke aende akamjulie hali jirani yake.

Mwenyiezi Mungu atujaalie tuwe wenye kushukuru kwa kila nuru atuletayo, na kutimiza haki ya kila aliyeibeba. Wallahu aalam.